Fundo: Wanaoishi mlangoni wadai ufunguo

Maji ya bamvua yakitoka, bahari ya Fundo hukunjwa kama jamvi. Alfajiri dau lilikuwa likipita hapo kwa tanga. Ikifika saa nne na nusu asubuhi pamebaki mchanga, majani ya bahari, vidimbwi vyenye joto na mwamba uliotoa meno. Wanawake huteremka kwa makundi, kanga zimekazwa viunoni, viatu vya plastiki miguuni kwa kuhofia miiba. Kila mmoja ana ndoo, kijiti na kipande cha chuma kilichochongwa ncha.

Pweza haonekani. Rangi yake ni ya jiwe alilolishika, na akihamia jiwe jingine hubadilika nalo. Kinachomfichua ni nyumba yake: mdomoni mwa tundu huwa kuna vijiwe alivyojipangia na magamba ya kaa aliowala jana. Bibi aliyezoea huyaona hayo tangu mbali, akapunguza mwendo.

Hachomi. Huingiza kijiti taratibu na kukichezesha, na pweza, kwa ukali wa kulinda kwake, hukikumbatia mkono mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo chuma kinapoingia. Akishavutwa nje hugeuzwa kichwa ndani nje, kama mtu anayekung'uta vumbi mfukoni, na shughuli imekwisha. Kumpigapiga juu ya jiwe mpaka alainike ni kazi ya baadaye.

Dakika chache za kazi hiyo ndizo zinazoamua kama jioni nyumba itakuwa na unga na sukari. Na ndizo zilizoleta mikutano, maboya, doria na mabishano katika kisiwa hiki kidogo cha magharibi mwa Pemba. Fundo ni miongoni mwa shehia, yaani maeneo madogo ya utawala ya Zanzibar, zilizokubali kufanya jambo ambalo mababu wangelistaajabia: kuufunga mwamba. Sehemu ya pwani hutengwa na kuwekewa alama, na kwa muda wa miezi mitatu hivi haruhusiwi mtu kuvua pweza hapo. Kisha hutangazwa siku ya kufungua.

Wengine wanauona mwamba uliofungwa kuwa akiba. Wengine wanauona kuwa ni chungu kilichofunikwa mbele ya mwenye njaa. Lakini ugomvi wenyewe ni mkongwe kuliko biashara ya pweza, kwa sababu Fundo ni kisiwa kinachokaa mlangoni, na kwa karne nyingi waliokuwa wakiamua nani apite na kwa shughuli gani walikuwa watu wa mbali.

Mbele ya Wete

Ukisimama gatini Wete ukaangalia magharibi, visiwa vimepangana mbele yako kama watu walioshikana mikono: Njao, Fundo, Uvinje, Kokota. Upande wa ndani ni ghuba tulivu yenye mikoko. Upande wa nje mwamba unakwenda kidogo tu, halafu unakatika ghafla, na chini yake ni Mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita. Kati ya kisiwa na kisiwa pana milango, ndipo vyombo vinapoingilia. Mmojawapo unaitwa Mlango wa Fundo, na manahodha wa dunia nzima wameuona katika chati zao bila ya kujua kuwa nyuma ya jina hilo kuna watu wanaooa, wanaozika na wanaogombania mpaka wa shamba la mihogo.

Kisiwa chenyewe ni chembamba na kirefu, ingawa urefu wake haufiki kilometa 10. Ardhi yake ni ya mawe, yaani matumbawe ya zamani yaliyoinuka juu ya maji. Udongo umejificha katika mifuko ya mwamba. Huko ng'ambo, Pemba kubwa ni vilima vyekundu vya mikarafuu. Mkarafuu unataka udongo wenye kina, na mawe ya Fundo hayana cha kuupa. Riziki ya hapa iko majini.

Ndiyo sababu saa ya Fundo ni maji. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku, swali la kwanza halihusu gari wala pesa. Linahusu maji: yamejaa au yametoka? Yakiwa yametoka, mgonjwa atabebwa juu ya mchanga na majani ya bahari mpaka pale chombo kinapoelea, na ndipo safari ya hospitali ya Wete ianze. Chombo hicho hicho asubuhi yake kitabeba magunia ya unga, mafuta ya taa, mabati na bibi harusi.

Kalenda nayo ni moja kwa yote mawili, ibada na uvuvi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu hukaa katikati. Mwezi ule ule unaotazamwa kwa ajili ya Ramadhani ndio unaomwambia mwanamke siku gani pwani itakauka vya kutosha. Mtoto wa madrasa anayehesabu tarehe za mwezi ameshaanza, bila ya kuambiwa, kujifunza uvuvi. Kwa hiyo siku ya kufunguliwa mwamba haichaguliwi ofisini. Lazima iangukie bamvua, la sivyo watu watasimama ukingoni wakiyatazama maji tu.

Jina la kisiwa, kwa Kiswahili cha kila mtu, ni fundo la kamba. Sitaki kudai kuwa ndiko lilikotoka. Ila kila ninapoitazama ramani ya Pemba huona kisiwa hiki kimekaa hasa kama fundo: pale kamba za njia nyingi zilipokutana na kukazwa.

> Mwezi ule ule unaotazamwa kwa ajili ya Ramadhani ndio unaomwambia mwanamke siku gani pwani itakauka.

Mlango wa wenye meli

Ghuba iliyo nyuma ya visiwa hivi ilikuwa na biashara kabla Mreno hajajua kuna Pemba. Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji kutoka Wete, mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa mwambao huu huu, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka mbali. Ni mali ya zaidi ya miaka 900 iliyopita. Kusini kidogo, Ras Mkumbuu, msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo bado yanaonekana. Vyombo vilivyoleta fedha hizo na vilivyochukua bidhaa za Pemba vililazimika kuingia kwenye moja ya milango hii.

Habari nzuri hizo. Mlango huo huo ulipitisha na habari nyingine.

Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na kuanzia hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar ikawa inatoka Pemba, kama ilivyo hadi leo. Karafuu zinataka mikono ya kuchuma. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa njia ya bahari. Mahitaji ya watumwa yalipanda wakati ule ule njia yao ilipofungwa. Matokeo yake yalikuwa magendo: majahazi yakitoka Mrima, pwani ya bara, usiku, yakivuka mkondo kwa upepo wa mgongo na kuikimbilia milango ya magharibi mwa Pemba kabla jua halijapanda.

Waingereza walilijua hilo. Mashua za manowari zao zikawa zinakaa visiwani humu kwa majuma, zikivizia. Tarehe 3 Desemba 1881 Kapteni Charles Brownrigg wa manowari ya London aliuawa kwenye maji haya alipolisogelea jahazi lenye watumwa lililokuwa likipeperusha bendera ya Ufaransa.

Alfajiri ya 30 Mei 1887

Miaka sita baadaye ilikuwa zamu ya Mlango wa Fundo. Mashua ya manowari ya Turquoise, ikiwa na Luteni Fegen na mabaharia wachache, ilikuwa imetia nanga hapo. Kulipopambazuka jahazi lilionekana likija kutoka nje, tanga limejaa. Fegen alituma kidau kwenda kulikagua. Jahazi halikusimama. Liligeuza omo likaielekea mashua ili liivunje, na bunduki zikaanza kulia kutoka juu yake.

Walipigana mkono kwa mkono, mapanga kwa bunduki. Fegen alijeruhiwa. Jahazi, likiwa limekosa mtu wa kushika usukani, lilikwenda mrama mpaka maji madogo likapanda mwamba. Watumwa walioopolewa humo walikuwa zaidi ya 50.

Wachoraji wa Uingereza walilichora tukio hilo: luteni yuko katikati, panga mkononi, moshi umetanda. Simulizi zinamtaja yeye kwa jina, zinaitaja manowari, zinahesabu majeraha ya mabaharia mmoja mmoja. Waliotolewa chini ya sitaha wanatajwa kwa idadi tu. Na watu wa Fundo, ambao bila shaka milio ile iliwaamsha, ambao jahazi lile lilipanda katika bahari yao wanayookotea kombe, hawamo kabisa katika hadithi. Si wema, si wabaya. Hawamo.

Nimekaa na tukio hili kwa muda mrefu kwa sababu nadhani ndani yake kuna historia yote ya kisiwa. Mambo makubwa yamepita mlangoni, wapitao wameandikwa, na wenye mlango wamebaki nje ya kitabu. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Karafuu ziliendelea kushuka Wete kwa magunia, zikapakiwa, zikapita kwenye maji haya haya kuelekea masoko ya dunia, na kisiwa cha mawe kikazinusa tu.

> Wapitao wameandikwa. Wenye mlango wamebaki nje ya kitabu.

Dago

Mvuvi wa Pemba hakai. Upepo ukigeuka hukunja nyavu, huchukua sufuria, unga na nguo mbili, akaenda dago: kambi ya msimu katika pwani ya watu wengine. Utamkuta Mafia, utamkuta Mtwara, utamkuta Vanga, Shimoni na Malindi. Wapo walioenda dago la miezi mitatu wakazaa wajukuu huko huko. Kenya ilichukua miongo mingi kukubali kuwa watu hawa ni wake. Julai 2023 ndipo serikali ya nchi hiyo ilipowatambua Wapemba waishio pwani yake kuwa raia na kuwapa vyeti, baada ya maisha marefu bila ya kitambulisho.

Wengine hawakwenda kwa ajili ya samaki. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya tarehe 27 Januari 2001, Wete na kwingineko Pemba, watu wapatao 2,000 walivuka mkondo kwa vyombo vya uvuvi na kuomba hifadhi Shimoni. Njia waliyoishika waliijua tangu utotoni, njia ya dago.

Dago lina sheria yake isiyoandikwa: bahari haina mwenyewe. Unafika, unamwona mkubwa wa kijiji, unaomba, unapewa mahali pa kulala na kisima, na kesho mnavua pamoja. Leo mimi kwako, kesho wewe kwangu. Kwa sheria hiyo Wapemba wamelishwa na pwani nusu ya Afrika Mashariki, na kwa sheria hiyo hiyo wavuvi wa vijiji vingine huja Fundo na, kabla ya mwamba kufungwa, hawakuwahi kufukuzwa.

Wanaume wakienda dago, nani anabaki na pwani? Mwanamke. Mwamba wa karibu, ule unaofikika kwa miguu maji yakitoka, umekuwa benki yake miaka yote. Hauhitaji chombo, hauhitaji mashine, hauhitaji mtaji wa tajiri. Unahitaji kijiti, macho na mgongo unaostahimili kuinama saa tatu. Kila anayetaka kuelewa ubishi wa kufunga mwamba aanzie hapo: kinachofungwa ni sanduku la nani?

Miezi mitatu

Sababu ya kufunga ni nzuri, na sina haya kusema kwamba imenishawishi.

Pweza wa miambani haishi sana. Umri wake ni mwaka mmoja, au mwaka na nusu kwa aliyebahatika. Katika muda huo mfupi hukua kwa kasi ya ajabu: mdogo wa nusu kilo aliyeachwa leo, miezi mitatu baadaye anaweza kupita kilo mbili. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huyaning'iniza mayai ndani ya tundu kama shanga, maelfu kwa maelfu, akaziba mlango kwa mawe na kukaa humo akiyapuliza maji safi, bila ya kula, mpaka yaanguliwe. Kisha hufa. Anayemchokoa jike juu ya mayai yake amechukua mboga ya siku moja na kuondoka na kizazi kizima.

Zamani hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa pweza alikuwa kitoweo cha nyumbani na kidogo cha kuuza Wete. Halafu yakaja makampuni ya kusafirisha nje. Pweza wa Pemba sasa anagandishwa na kupelekwa kuliwa Ulaya, na dalali wa kampuni anamsubiri dikoni akiwa na mizani na barafu. Bei ikipanda, vijiti huongezeka. Vijiti vikiongezeka, pweza hupungua ukubwa. Tanzania Bara kanuni za uvuvi zinakataza kuuza pweza wa chini ya nusu kilo, lakini mwenye njaa hapimi kabla ya kuchokoa.

Wa kwanza kujaribu dawa ya kufunga katika upande huu wa bahari walikuwa Wavezo wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004. Waliacha sehemu ya mwamba wao ipumzike, na walipoifungua walikuta pweza wakubwa. Habari ikasafiri, kama habari za bahari zinavyosafiri, kwa wavuvi kutembeleana. Ikafika Pate nchini Kenya. Ikafika Pemba kupitia Mwambao, shirika la Zanzibar linalofanya kazi na jamii za pwani, na shehia kama Kisiwa Panza, Kukuu na Fundo zikaichukua.

Msingi wa kisheria ulikuwepo. Tangu 2005 bahari yote ya magharibi mwa Pemba imo ndani ya eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, linalojulikana kwa ufupi kama PECCA. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya mwaka 2010 nayo imetoa nafasi kwa jamii kushiriki katika kusimamia bahari yao, kupitia kamati za uvuvi za shehia. Kwa maneno mengine, karatasi zilikuwa kabatini zikisubiri watu wazipe miguu.

Na siku ya kufungua ni siku ya kutazamwa. Tangazo limeshapita msikitini na dukani. Wanafunzi wengine hawaonekani skuli. Madalali wameshuka na mizani mapema, mwenye maandazi amepata mahali, wazee waliokwisha kuacha kazi ya pwani wamekaa kwenye kivuli wakiwapima vijana kwa macho. Watu wanasimama ukingoni mwa maji yanayorudi nyuma na hakuna anayevuka alama mpaka neno litolewe. Likitolewa, kimya cha miezi mitatu huvunjika kwa mkupuo. Ndani ya saa moja wa kwanza huwa ameshainua pweza ambaye mikono yake inaburura majini, na hata wapinzani wa kufunga humpigia kelele za furaha.

> Anayemchokoa jike juu ya mayai yake amechukua mboga ya siku moja na kuondoka na kizazi kizima.

Nani anafungiwa?

Furaha ya siku ya kwanza haifuti maswali ya miezi mitatu.

Swali la kwanza ni la mwanamke wa kijiti. Sehemu inayofungwa mara nyingi ni ile iliyo rahisi kulindwa, yaani iliyo karibu, na iliyo karibu ndiyo yake. Mumewe akikatazwa hapa huenda na chombo mbele zaidi. Yeye hana chombo. Miezi ile mitatu anatembea masafa marefu zaidi kwenda mwamba ulio wazi, ambako sasa wamesongamana wote, au anakaa nyumbani. Halafu siku ya kufungua ikifika, wanaingia vijana wazamiaji, miwani machoni, wanaoweza kushuka penye kina ambako pweza wakubwa wamelala. Jioni mizani inasema ukweli: waliosubiri zaidi si waliopata zaidi.

Malalamiko hayo si ya Fundo peke yake, na viongozi wa kamati popote mwamba unapofungwa wanayajua. Baadhi huyajibu kwa kusema pweza ni wengi, kila mtu apate kwa juhudi yake. Jibu hilo linanichosha. Juhudi ya mama wa miaka 60 aliyeinama juani haipimwi kwa kina alichozamia. Ipo njia ya wazi: siku ya kwanza, bamvua la kwanza zima ikiwezekana, liwe la wanaovua kwa miguu, na wazamiaji waingie baada yao. Hili haliombi fedha za mfadhili. Linaomba wanawake wawe wengi katika kamati kiasi cha kushinda kura, na mkutano ufanywe saa ambayo hawako jikoni.

Swali la pili ni la jirani. Mvuvi wa kijiji cha ng'ambo ambaye baba yake na babu yake walivua hapa anakuta maboya na vijana wa doria wanaomwambia ageuze. Anauliza: tangu lini bahari ikawa na mwenyewe? Naye ana haki ya kuuliza, kwa sababu watu wa Fundo wamekula chumvi ya wenzao kwenye dago kwa vizazi vingi. Mwamba mmoja ukifungwa, uvuvi haufi, unahamia kwa jirani. Ndiyo maana mazungumzo na vijiji vinavyotumia maji hayo yanatakiwa yatangulie maboya. Aliyeulizwa kabla huwa mlinzi. Aliyekuta alama bila ya kuulizwa huja usiku na tochi.

Na tochi zinakuja. Hapo ndipo kazi ya kamati inapokuwa chungu. Askari wa kutoka mjini akimkamata mwizi, hurudi mjini. Mwanakamati akimkamata mpwawe, atamtazamaje dada yake siku ya Idi? Kisiwa ni kidogo, kila mtu ana udugu na mwenzake kwa damu au kwa ndoa, na faini ya mmoja hukaa kwenye sahani za wengi. Walinzi wengi wa mwamba ni watu wa kujitolea. Mafuta ya boti ya doria lazima yanunuliwe, na mradi ukiisha, mafuta huisha kabla ya boti. Serikali inayozihesabu kamati hizi katika mafanikio yake ingefanya vyema kuzihesabia na mafuta.

Wapo pia wasemao kwamba pweza mkubwa wa siku ya kufungua anawanufaisha madalali zaidi, kwa kuwa mzigo wote unashuka siku moja na anayenunua ndiye anayepanga bei. Hilo nalo lina ukweli wake. Shehia mbili au tatu zikipanga tarehe kwa zamu, na bei ikajadiliwa kabla ya mwamba kufunguliwa, mwenye mizani atalazimika kuzungumza kwa adabu.

Wageni wenye mikataba

Kuna sababu nyingine ya kulipa jambo hili uzito, nayo iko nje ya ndoo ya pweza.

Kuta za mwamba za upande wa nje wa visiwa hivi zinajulikana kwa wazamiaji wa kitalii. Kaskazini, Ras Kigomasha, hoteli ya Manta tangu 2013 ina chumba cha kulala kilicho chini ya maji. Visiwa vidogo vimekuwa bidhaa. Mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kupitia mamlaka yake ya uwekezaji, ZIPA, ilitangaza kukodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji, chini ya bendera ya uchumi wa buluu. Matumbawe yenyewe yanaumwa: joto la bahari la mwaka 1998 liliyafanya meupe na kuua mengi, na joto hilo limerudi tena 2016 na 2024.

Mwekezaji anapoletewa ramani huonyeshwa fukwe na kina cha maji. Haonyeshwi kwamba kipande fulani cha mwamba kimefungwa na wenyewe tangu bamvua la mwezi uliopita, kwamba kimelindwa usiku kwa baridi, kwamba kuna daftari lenye idadi ya pweza na uzito wao. Mahali pasipo na daftari huitwa patupu, na patupu hugawiwa. Ukweli huo Zanzibar nzima inaujua.

Ndiyo sababu naliona daftari la kamati, lenye kurasa zilizolowa chumvi na hesabu zilizoandikwa kwa peni mbili tofauti, kuwa ni kitu kikubwa. Mwaka 1887 mambo ya mlango huu yaliandikwa na luteni wa manowari. Sasa yanaandikwa na mtoto wa kisiwa, anayeandika kwa sababu anahesabu mali yake. Yakiandikwa sawasawa, na majina ya wanawake yakiwemo, itakuwa vigumu kwa mtu yeyote mwenye mkataba mkononi kusema hakujua kwamba pana wenyewe.

Maji yanarudi

Siku ya kufungua huisha mapema. Saa saba hivi mchana bahari huanza kujaa, kwanza katika mifereji, halafu juu ya majani ya bahari, halafu ghafla kila mahali. Wanawake hurudi kwa safu, maji magotini, wakiitana kwa majina ili asiachwe mtu nyuma. Dikoni mizani haipumziki. Mtoto amepewa pweza mdogo aliyekuja kimakosa na anajifunza kumpigapiga juu ya jiwe. Bibi yake anamwambia aongeze nguvu, hesabu haijatimia.

Noti zinahesabiwa mara mbili, nyingine zinafungwa kwenye pembe ya kanga, nyingine zinavuka na chombo cha jioni kwenda Wete kulipia deni la dukani. Siku chache baadaye, mwamba ukishavuliwa, wajumbe wa kamati watakaa tena barazani kwa sheha. Ajenda ni mbili. Ya kwanza ni tarehe ya kuyarudisha maboya majini. Ya pili, ambayo mkutano uliopita iliahirishwa kwa sababu magharibi ilikuwa imekaribia, ni kama bamvua lijalo wenye vijiti watangulie.